Dumu la Mama Yako

Jorodom, Katesh

Fundi Spoku wangu,

Salamu kutoka huku kwenye upepo. U mzima? Baridi ya Mbulu haijakumaliza? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii.

Najua mama yako amekupigia kwamba ana uvimbe karibu na figo, uje muagane. Kabla hujapanda basi, soma hii mpaka mwisho.

Wale watafiti wanaotupima msongo wa mawazo tangu yale matope ya mlimani yatufukie walinichukua niwakusanyie mikojo. Nilishajisomea homoni zote kwenye simu, mpaka daktari wao, Kissa, akasema kijana huyu atamnyang'anya kazi! Iko hivi: damu inatolewa asubuhi, inaonyesha homoni ya msongo ya saa ile tu. Mkojo unakusanywa kwenye dumu mchana na usiku, ndiyo unaonyesha siku nzima. Ukipoteza hata mkojo wa mara moja, unaanza upya.

Zamu ya mama yako ikaangukia Jumapili. Akaniuliza kama nina akili, yeye mama wa kwaya aingie kanisani na dumu la mkojo! Akaliacha nyumbani. Nilipolifuata halikuwa limefika hata nusu, naye akagoma kurudia, akasema majirani wameshamcheka vya kutosha. Na mimi nilishamtambia daktari kwamba madumu yangu hayana kasoro.

Majibu yakaja. Damu yake safi kabisa, ila kwenye mkojo homoni imepanda sana. Daktari akashangaa mbona havipatani, akasema huenda ni uvimbe, apelekwe akapigwe picha. Mama kalia, kaanza kugawa kuku wake.

Ndugu yangu, naona aibu hata kushika kalamu. Lile dumu nililijazia mimi. Nilizunguka nyuma ya choo, nikakojoa humo.

Leo nimempa shikamoo huku naangalia chini. Akanishika kichwa, akanibariki kwa kumhangaikia!

Na kuna jambo lingine. Ile homoni iliyopanda ni ya nani, kama si yangu? Tangu tulipoufukua mwili wa mdogo wangu Tomaso kwenye matope, kila mtu namwambia niko poa. Hata kupimwa nilikataa.

Daktari anarudi kesho kutoka Dirma. Nikisema, madumu yangu yote yatamwagwa, na mtaa mzima utajua. Nikinyamaza, mama yako anazidi kujizika akiwa hai.

Nisalimie wote hapo gereji, na usinichukie kabla hujanijibu. Ungekuwa wewe, ungeanza kumwambia nani, daktari au mama?

Wako,
Yonas