Kipande cha Pafu la Mama

Kaka yangu Ramadhani,

Amani iwe kwako na kwa wote wa hapo nyumbani Rumonge. Natumaini mmeamka salama, na kwamba mama amepata usingizi. Mimi mwili ni mzima, na baridi ya huku Ubelgiji nimeizoea. Moyo ndio mbaya. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningekutukana, na wewe ni mkubwa wangu.

Unajua nilivyohangaika. Mama alimezeshwa dawa za kifua kikuu miezi mingi, hakupona, mpaka Bujumbura wakamkata kipande cha pafu na kusema ni kansa. Nikaenda kumpigia magoti daktari wa mapafu wa hospitali ninayofanyia usafi. Aliniuliza kama mama anavuta sigara. Nikamwambia hajawahi, moshi wake ni wa kupikia mawese. Akasema kansa ya mtu asiyevuta mara nyingi ina alama yake ndani, na kuna vidonge vinavyotolewa kwa kufuata alama hiyo. Bila kipimo ni kubahatisha tu. Akataka aletewe kile kipande.

Kipande kilikuwa tayari, kimegandishwa kwenye nta, kidogo kuliko ukucha. Kazi yako ilikuwa kukichukua maabara na kumkabidhi msafiri aje nacho kwa ndege sandukuni mwake, basi. Wiki tatu baadaye ndipo unaniambia, tena kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo jema: "Nyama ya mama haiwezi kupanda avion mu valizi ya watu. Nimeifunga kitambaa cheupe, nikaizika, nikaisomea dua. Iko sawa."

Haiko sawa. Najua kiungo cha Muislamu kikikatwa huzikwa, nami nilisoma madrasa ileile. Lakini ungeuliza. Kuuliza kungekupunguzia nini? Nilimuuliza daktari kama tukifukue. Alisema kwamba baada ya wiki tatu udongoni hawezi kuliamini jibu lake. Na mama sasa hana pumzi ya kukatwa kipande kingine kifuani.

Imebaki damu. Alama hiyo wakati mwingine huonekana kwenye damu, wakati mwingine hujificha, na ikijificha tutakuwa hatujajua lolote. Jumatatu mpelekeni Bujumbura atolewe. Chupa atazibeba mkeo, si wewe. Mama yu hai, kaka. Usimzike vipande vipande.

Nisalimie huyo wifi yangu, ambaye bado namwamini, na shangazi wa Minago, mwambie mihogo yake mikavu ilinifikia. Mama usimpe salamu zangu. Kila siku ananipigia: "Mutoto wangu, majibu iko wapi?" na kila siku namjibu kwamba mashine za huku ni za polepole. Sitasema hivyo tena. Ukimaliza kusoma, kaa kitandani pake umwambie wewe mwenyewe kipande chake kiko wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajuma