Mishale ya Kushoto

Jumapili, baada ya magharibi

Kumbe haoni. Mume wangu haoni upande wa kushoto.

Tangu apate kiharusi hatukuwa tumecheza ule mchezo wa dansi kwenye TV, ambao mishale ikipita kwenye kioo unaikanyaga kwenye mkeka. Leo kasimama mwenyewe kwenye mkeka wa mchezo, akaikanyaga vizuri mishale yote ya kulia. Ya kushoto ikapita yote bila kukanyagwa.

"Mama Salma, mbona upande huu haiji?"

"Inakuja, Baba Salma. Huioni."

Akasema TV imeharibika. Na kesho anataka kurudi kuendesha lori kule bandari kavu ya Kwala!

Nimemsihi asiende, amekataa. Basi nikampigia bosi wake, nikamweleza yote, nikamwomba asimpe lori. Baba Salma alikuwa mlangoni, akanisikia.

Amehamia chumba cha Salma. Sijui tutaishije. Nafuu anichukie akiwa mzima.