Yule wa Benchi la Tatu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji naye, mgongo wake umepoa? Watoto je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Vidole tu ndivyo vinavyolalamika kwa sindano. Barua yako ya kunishukuru niliipata Jumanne. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nitaijibu, ila nivumilie kidogo, maana nikianza na jibu utadhani nimerukwa na akili.

Labda ulisikia kwamba mwezi wa nne nilikwenda kambi ya kanisa. Siku nne za mahema, maombi ya alfajiri na nyimbo mpaka koo linakauka. Unanijua, mimi si mtu wa machozi, lakini kule nililia mpaka nikaona haya. Siku ya mwisho mchungaji alituonya kwamba kambini kila mtu ni mtakatifu, kazi ni Jumatatu. Akatupa mambo matatu ya kutushikilia: kusali kila siku saa ileile, kumtembelea mgonjwa, na kutimiza jambo moja gumu ambalo kila mtu aliliandika kwenye kadi. Mimi niliandika kwamba nitakwenda kwa dada yangu nimsamehe. Unajua kwa nini. Miaka mitatu nimekunyima hata salamu kwa sababu ulinificha ugonjwa wa mama, nikafika nikakuta kaburi.

Kila mmoja wetu alipewa mtu wa kumfuatilia. Mimi niliangukia kwa mkunga mstaafu tuliyempachika jina la Mama Kengele, kwa sababu hupiga simu kila jioni saa kumi na mbili kamili, hakosei hata dakika. Anauliza kama nimesali, anasikiliza, anakata. Hana porojo.

Majuma mawili nilikuwa moto kweli. Saa sita, wenzangu wa karakana ya ushonaji wakifungua vyakula vyao, mimi nilikuwa nakwenda kanisani, mtaa wa pili tu, nakaa benchi la tatu. Kisha zikaja sare za shule, kola mia nne kwa juma, na saa sita ikifika nikawa najinyoosha juu ya robota la kitambaa nalala fofofo. Jioni moja Mama Kengele aliuliza kama nimesali, nikasema ndiyo. Ilinitoka tu.

Kesho yake mtunza kanisa alinisimamisha barabarani, akaniambia maombi yangu ya jana saa sita yalimliza, naye alikuwa anafagia tu. Nikacheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Nikadanganya tena. Safari hii nilisema nimekwenda kumwona fundi mwenzetu wa zamani, mama mzee aliyepooza upande mmoja. Siku mbili baadaye binti yake alikuja karakanani kunishukuru kwa kumwogesha mama yake, akanirudishia leso niliyoisahau kitandani kwake. Leso yangu, dada, yenye pindo la kijani nililolishona kwa mkono wangu. Niliporudi nyumbani nilifungua droo hata kabla ya kuvua viatu. Haikuwemo.

Basi siku moja nikaukataa usingizi, nikaenda kuchungulia. Dirisha la ubavuni lilikuwa wazi. Kwenye benchi la tatu palikuwa na mwanamke amepiga magoti, amenipa mgongo, amevaa gauni langu la bluu, lile ambalo mshono wa bega umepinda tangu mwaka jana na kila siku nasema nitaurekebisha. Mimi nami nilikuwa nimelivaa hilohilo. Lakini lake mshono ulikuwa umenyooka. Nikazunguka mpaka mlangoni. Mtunza kanisa akatoka na fagio lake, akaniambia kwa upole kwamba kama nina shida nisubiri nje, ndani kuna dada anasali. Aliniangalia usoni kabisa, na hakunitambua.

Ungedhani hapo ningetubu. Wapi! Nilinogewa. Mchungaji alisema mbele ya watu wote kwamba katika waliotoka kambini, mimi ndiye niliyezidi kukua kiroho. Nikaona raha iliyoje: mimi nalala, mwenzangu anasali, sifa zinaletwa kwangu. Ila polepole watu wakaanza kunisalimu kwa kusitasita, kama wamenifananisha na mtu wanayemjua.

Kisha Mama Kengele akaulizia kadi. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa, nikasema ndiyo, Jumamosi nilikwenda kwa dada, tukalia sana, nikamsamehe. Akasikiliza, akakata simu. Siku tisa baadaye ikaja barua yako.

Dada, Jumamosi ile sikutoka nje ya uzio wetu. Nilikuwa nafua. Aliyekula na wanao, akawasuka mabinti nywele, akakuoshea vyombo, hakuwa mimi. Hilo ningeweza kulibeba. Kilichonimaliza ni ukurasa wa pili, ulipoandika kwamba sikuja kukusamehe bali kukuomba msamaha, na kwamba nilikueleza habari ya simu ya mama.

Hiyo simu sijawahi kumwambia mtu. Mchungaji haijui, Mama Kengele haijui, na kwenye kadi sikuiandika. Lakini ni kweli, dada. Mama alinipigia mwenyewe majuma matatu kabla hajafa, nikiwa kwenye cherehani. Alisema alikukataza wewe usiniambie ili nisihangaike, ila sasa hali imekuwa mbaya na anataka kuniona. Nikamjibu nitakuja mwisho wa mwezi, kazi zimenibana. Hazikuwa zimenibana. Niliogopa kumwona akifa. Mlipomzika nikakutwika wewe mzigo wote, kwa sababu ulikuwepo na kwa sababu hukujitetea. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Jana saa kumi na mbili simu iliita. Mama Kengele aliuliza kama nimesali. Nikamwambia sijasali, sijasali miezi miwili, na kwa dada yangu sijafika. Akasema samahani mama, amekosea namba, akakata. Leo hakupiga.

Umeandika kwamba umenisamehe, kwamba yamekwisha na nisiyataje tena. Msamaha huo ulimpa aliyeomba. Kwa hiyo nakuja Jumamosi hii kwa basi la asubuhi. Huenda usinijue. Ukiona mwanamke mlangoni anababaika, hajui aanzie wapi, usimwambie asubiri nje. Nifungulie. Na hata kama mwenzangu ameshatangulia, amekaa ndani na watoto, nifungulie hivyohivyo. Yeye msamaha wako anao. Mimi sina.

Msalimie shemeji, nao watoto wote mmoja mmoja. Ubaki na amani mpaka nitakapofika.

Ni mimi mdogo wako, mimi mwenyewe.