Watoto Waliofichwa Kambini Siku Niliyokwenda Kuwahesabu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijatia sahihi jambo ambalo sitaweza kulifuta. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa niko nyumbani Matungu, mimi ni mtu wa haya, hata kanisani siombi kwa sauti, ndiyo maana nilishangaa Mzee Chrispinus, mwenyekiti wa kamati ya shule, alipomwambia mama kwamba amenichagua mimi nihesabu watoto ambao hawajaanza shule, kwa sababu watu wameongezeka sana huku kwetu na darasa la kwanza sasa lina watoto mia moja na kumi, wengine wanakalia matofali, na shule mpya itajengwa palipo na watoto wengi zaidi, ama upande wa soko ama kwenye kambi ya wakata miwa, ambako watoto huvuka barabara ya matrekta kila asubuhi na wazazi wengine wameamua bora wakae tu nyumbani.

Upande wa soko, ambako mzee ana nyumba za kupangisha, alitembea nami mwenyewe, akitaja majina na idadi kabla sijauliza, nami nikiandika kwa penseli kama alivyotaka, eti wino unachafua daftari. Kambini alinituma peke yangu. Nilimkuta mama mmoja aliyetoka Kabras, Navalayo, anaosha vyombo, nikamuuliza ana watoto wangapi.

"Wewe msichana, watoto wanahesabiwanga kama kuku?"

Wenzake wakacheka. "Andika wawili, uende," akasema, na mwingine akadakia, "Mimi niandikie nusu!"

Niliandika wawili, lakini kwenye kichanja chake niliona sahani nane ndogo na kwenye kamba kaptula tano, nikaona aibu kuuliza, na karibu nyumba zote zilikuwa hivyo, nikarudi na watoto thelathini na mmoja wa kambi na tisini wa soko.

Sasa juzi Beverly, niliyesoma naye, ambaye anakaa kambini, ameniambia, "Siku ile ulikuja, wadogo zangu walikuwa ndani ya miwa, wameambiwa wasikohoe." Eti Mzee Chrispinus alipita huko siku moja kabla yangu, akasema kuna msichana anakuja kuandika watu ili wenye watoto wengi wahamishwe. Nikafungua daftari tena. Upande wa soko yumo Bilal, mtoto wa Hassan mwenye duka, na Bilal yuko chuo cha Sigalagala anasomea ufundi wa magari, ana ndevu!

Afisa wa elimu anakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuchukua hesabu yenye sahihi yangu. Mzee ameahidi kwamba shule ikifunguliwa nitachukuliwa kufundisha, na mama ameshawatangazia majirani. Nikisema, mama atanionaje? Au labda namshuku mzee bure?

Msichana wa Matungu

*

Binti yangu,

Humshuku bure. Kijana mwenye ndevu hajipenyezi mwenyewe kwenye orodha ya darasa la kwanza. Lakini kabla hujamnyooshea mzee kidole, zile sahani nane aliziona nani? Yeye aliwatisha akina mama. Wewe uliona kwa macho yako, ukaandika wawili kwa sababu ulichekwa.

Na swali lenyewe! Umezaliwa huko huko. Tangu lini mama wa kwetu akamtajia mgeni idadi ya watoto wake? Anaogopa kwamba wakihesabiwa, mmoja atapungua. Hata bila mzee huyo ungedanganywa. Uliza majina: wa kwanza anaitwa nani, anayemfuata nani, nani bado ananyonya. Majina atakupa mpaka mkono uchoke. Kujumlisha utajumlisha mwenyewe nyumbani.

Usimwendee mzee kumuuliza. Atakueleza vizuri sana, na utaondoka ukiwa umemwomba msamaha. Rudi kambini na Beverly, anzia kwa Navalayo, mweleze kwamba orodha ni ya shule, umwombe atembee nawe. Wakimwona yeye watafungua milango. Andika kwa wino, nakala mbili. Soko nalo lirudie bila mwenyekiti. Nakala moja mpe mwalimu mkuu, nyingine mkabidhi afisa wewe mwenyewe, mbele ya watu. Lile daftari la penseli usilitie sahihi hata mama akilia. Sauti ikikukwama, huhitaji hotuba. Sema tu, "Hii ndiyo niliyoandika mimi."

Kazi huenda ukaikosa, na mama atanuna, sitakuficha. Lakini ukiipata kwa hesabu hiyo, kila asubuhi ukiita majina darasani utajua ni akina nani hawamo, na ni nani aliyewaacha nje.

Gazeti hili linatoka Jumamosi, siku tano kabla ya afisa kufika. Kesho ukitoka kanisani usipitie nyumbani. Nenda moja kwa moja kambini.