Mwanasesere wa Mlangoni

Jumanne, 4 Machi
Wiki ya tano ya ushauri hapa chumbani kwangu, na Sweta hajatamka neno. (Jina la humu daftarini tu, sweta lake halivui hata kwenye joto.) Miaka minane. Nyumba yao iliungua, mama yake akafia ndani. Yeye majirani walimpitisha dirishani. Leo tena, kwenye ile nyumba ndogo ya mbao ya kuchezea: wanasesere wawili kitandani, wa tatu kasimama nje ya mlango. Nikauliza, huyu wa nje ni wewe? Akaitikia kwa kichwa. Najua, najua — mtoto hatajiwi mwanasesere ni nani, anasubiriwa aseme mwenyewe. Lakini wiki tano! Uvumilivu umeniishia.

Jumanne, 11 Machi
Ripoti imekwenda: anajilaumu kwa kutoka salama, akabidhiwe moja kwa moja kwa mama yake mdogo, anayeishi naye. Mwanamke mpole, sauti tamu. Husubiri nje kwenye benchi. Kila akikohoa, mkono wa Sweta unaganda hewani. Hilo sikuliandika.

Jumanne, 18 Machi
Kachomoa uzi kwenye mkono wa sweta, kaufunga mlango wa nyumba ya mbao. Kwa nje! Mafundo matatu. Kisha akaziba masikio.

Alhamisi, 20 Machi
Napiga pasi, nikashtuka hadi nikaunguza blauzi. Alitolewa dirishani. Mlangoni hakufika kabisa! Basi wa nje ni nani? Jibu nilimlisha mimi, naye akaitikia ili nimwache. Nimempigia mkuu wangu. Kasema nisikuze mambo, barua ya kumkabidhi imeshasainiwa. Najichukia.

Jumanne, 25 Machi
Mama mdogo kaja na mabegi. Wanahama leo, mbali, wakitoka hapa tu. Nikamwambia Sweta: nilikosea, niambie wewe, huyu wa mlangoni ni nani? Akamgusa kwa kidole. Halafu sauti iliyokauka: "Mama mdogo. Alisema tusigonge."

Nimefunga mlango kwa ufunguo. Nimempigia tena mkuu, safari hii kaniamini: yuko njiani na polisi, kasema nisimtoe mtoto. Lakini ufunguo ulipolia tu, Sweta kaingia chini ya meza — ananitazama mimi kama anavyomtazama huyo mwanasesere. Mungu wangu, na mimi nimemfungia mlango! Ufunguo nimempa aushike yeye. Nimekaa sakafuni, naandika.

Mama mdogo anagonga, taratibu. "Mwanangu, fungua, tutaachwa na gari."

Sweta katoka chini ya meza. Kasimama mlangoni, ufunguo kiganjani. Hafungui. Anagonga na yeye, kwa ndani, kwa ngumi zote mbili. Kule nje kumenyamaza.