Wewe na Natasha na Mungu

Tabaka,
Jumatano jioni.

Kwa kaka yangu mpendwa Haron,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Doha limepungua kidogo na yule msimamizi wenu wa stoo amepunguza makelele. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imenyesha vizuri, ndizi za nyuma ya jikoni zimezaa mpaka Mama anazitegemeza kwa miti, na yule ng'ombe wako mwekundu amepata ndama jike ambaye tayari ana kiburi kama cha mama yake. Mguu wa Mzee umepona. Siku hizi haongei sana, na sababu yake unaijua nusu. Nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa karatasi katika dunia hii ya simu. Nimejaribu kukupigia, nikakata kabla haijaita. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata mwanya wa kukwepa. Kwa hiyo nimemwomba Thadeus wa hapo kwa jirani, ambaye anarudi kazini huko kesho, akuletee mkononi. Najua umemwambia Mama kwamba Jumapili hii aite wanawake wa boma wafungue nyumba yako, wafunge vitu vya shemeji Bonareri na kumpelekea kwao Nyacheki. Nakusihi kaka, isome barua hii yote kabla hujampigia mtu yeyote. Ukimaliza, amua utakavyo. Hata ukiamua kwamba huna ndugu anayeitwa Duke, sitakulaumu.

Nianze na ile seva ya chama. Nilikugusia habari zake kwa simu, ila nilikupa zile za kujisifu peke yake. Unajua Mzee alivyochaguliwa mwenyekiti wa wachongaji, na unajua tabu waliyokuwa nayo. Picha za oda zilikuwa zinatumwa kutoka simu hii hadi ile mpaka zinafifia. Kuna mnunuzi aliagiza viboko wa mawe, na kila mchongaji akachonga kiboko aliyemwona kwenye simu yake. Wengine walitoka nguruwe kabisa. Mmoja alikuwa na pembe. Basi kamati ikakubaliana kwamba picha, oda na mazungumzo yote yakae mahali pamoja ambapo kila mtu anaweza kuingia na kuona. Walipouliza nani anaijua kazi hiyo, Mzee alisimama akasema kwamba kijana wake Duke alifanya kazi hizo katika ofisi kubwa za Nairobi.

Ukweli ni kwamba Nairobi nilikuwa nabeba nyaya na kushikilia ngazi. Lakini Mzee alikuwa amesimama mbele ya watu, amenishika bega, na mimi nikatabasamu.

Programu yenyewe ilipatikana bure. Kwa kawaida huwekwa kwenye kompyuta kadhaa: moja inatunza majina ya watu, nyingine inahifadhi kazi zao, nyingine inashughulika na kutafuta. Sisi tulikuwa na kompyuta moja, ile ya mezani iliyokuwa ya shule, nayo ilikaa stoo ambako vumbi la mawe huingia kila mahali kama unga wa posho mill. Niliifunika kwa leso ya Mama iliyochakaa. Maelekezo yalisema ipo njia fupi, kwamba mtu anayetaka kuijaribu tu anaweza kurundika kila kitu kwenye mashine moja. Nikaifuata hiyo. Mara ya kwanza ilikwama, mara ya pili umeme ukapotea katikati, na mara ya tatu ikakubali. Ule ukurasa wa kuingilia ulipofunguka niliruka, kaka, mpaka akina mama waliokuwa nje wakisugua vinyago kwa msasa wakachungulia kuona nimeumwa na nini.

Shemeji Bonareri, akiwa karani wa chama, alikuwa wa kwanza kufundishwa, yeye na Natasha anayepiga picha za vinyago. Wewe unajua mkeo ni mwepesi wa kushika. Nilimwonyesha kwamba humo ndani kuna vyumba, kwamba kuna chumba kikubwa cha wote, na kwamba watu wawili wanaweza kufungua chumba chao wakazungumza mambo yao. Aliniuliza, nayakumbuka maneno yake, kama humo atakamoandika na Natasha ni wao wawili peke yao. Mimi, kwa maringo yangu, nikamjibu kwamba humo ni wewe na Natasha na Mungu. Akacheka. Alifurahi kupata mahali pa kuzungumza, kwa sababu simu yake ilikuwa imeharibika kioo na hapa bomani unajua hakuna neno linalosemwa jikoni lisilosikika kwenye zizi.

Siku ya uzinduzi ilifika. Wachongaji walijaa, mchungaji wetu alikuja kuomba, na mnunuzi kutoka Nairobi alikaa mbele. Nilikuwa nimeazima projekta, nikaielekeza ukutani. Mnunuzi akauliza kama mtu anaweza kutafuta kitu kwa jina. Nikajipiga kifua, nikasema kila kitu, hata Mzee mwenyewe anaweza. Mzee akavua kofia, akasogea, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Unajua aliandika nini? Aliandika Haron. Alitaka kuwaonyesha ile picha uliyomtumia ya bakuli la mawe yetu ulilolikuta dirishani mwa duka huko Doha. Huwa anaionyesha kila mtu, hata wanaokuja kusoma mita ya maji.

Haikutoka picha ya bakuli. Juu kabisa yalitoka maneno ambayo shemeji alimwandikia Natasha. Na Mzee, unavyomjua, hawezi kusoma kimya. Hata bei ya sukari dukani huisoma kama Zaburi. Akapandisha sauti ile ya kanisani, akasoma kwamba daktari amesema Bonareri hana shida yoyote ya uzazi, kwamba anataka Haron apimwe, lakini Haron hataki hata kusikia. Hapo ndipo akili yake ilipoifikia sauti yake, akanyamaza. Nikang'oa waya wa umeme. Watu wote walikuwa wameinamisha macho chini. Shemeji alikuwa mlangoni na chupa ya chai ya wageni. Aliiweka chini polepole, akavua aproni, akaondoka. Siku hiyo hiyo alienda kwao.

Kaka, wewe na mimi tumelelewa na chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mwana. Tangu uoe, Mzee hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yako. Akikutaka husimama pale kwenye mparachichi akakohoa. Akikutana na shemeji njiani humpisha, naye shemeji humpisha. Haya ya chumbani mwa mwanawe ni mambo ambayo baba hayasikii mpaka anaingia kaburini. Na sasa ameyasoma kwa kinywa chake, mbele ya mchungaji. Kwa muda mrefu hakula mezani na mtu. Aliacha hata kwenda chamani.

Hilo ndilo ulilosikia wewe, na uliloelezwa ni kwamba mkeo aliandika aibu yako mahali pa wazi ili watu wote waisome. Ulikasirika, na mwanamume yeyote angekasirika. Mzee hakuweza kuniuliza mwenyewe, kwa hiyo alimtuma shangazi Kemuma. Shangazi alinikuta nikinawa, akaniuliza kama ni mashine iliyokosea au ni msichana huyu aliyeamua kutuanika. Nikamjibu kwamba mashine haikosei, kwamba mwandikaji ndiye anayechagua pa kuandika. Na wewe uliponipigia ukaniuliza swali lile lile, nikakuambia labda alibonyeza pasipostahili. Nilikuambia hivyo huku nikitazama leso ya Mama juu ya ile kompyuta.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa. Shemeji hakubonyeza popote vibaya. Alifungua chumba cha watu wawili, kama nilivyomfundisha. Kosa ni langu mimi. Ile njia fupi ya mashine moja ni ya majaribio, na wakati wa majaribio kila anayeingia hupewa funguo za vyumba vyote, ili fundi aone kama kila kitu kinafanya kazi. Maelekezo yalisema wazi, kwenye kisanduku chekundu, kwamba kabla ya kuwaingiza watu wa kweli lazima uzime majaribio, kisha uiache mashine ijipange upya. Ilikuwa nzito ile mashine. Ingekula siku nzima, na pengine ingekwama, na watu wangesema kijana wa mwenyekiti hajui kazi. Kisanduku chekundu nilikiona na nikakisoma. Nikasema nitafanya baada ya uzinduzi, wageni wakishaondoka. Siku ile nilipomwambia shemeji kwamba ni yeye na Natasha na Mungu, nilijua mlango haujawekwa. Nilidhani tu kwamba hakuna atakayepita.

Kama ningekomea hapo, ningeweza kusema ni uzembe. Sikukomea hapo. Wageni walipotawanyika niliiambia kamati kwamba naisafisha mashine ili aibu ile isionekane tena, nikarudi stoo peke yangu. Nikafuta kila kitu. Wakanishukuru. Mzee naye alimtuma shangazi aniambie asante kwa kumsitiri. Hiyo asante nimeimeza na haijashuka mpaka leo. Sikuwa namsitiri mtu. Nilikuwa nafuta alama za kosa langu, fundi yeyote asije akafungua akaona kwamba majaribio hayakuzimwa. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye mashine moja, hakuna nakala mahali pengine popote.

Lakini kabla ya kufuta, nilisoma. Mzee alikomea katikati, kaka. Maneno ya shemeji yalikuwa yanaendelea, na mimi ndiye mtu wa pekee aliyeyaona pamoja na Natasha. Natasha alipotaka kuyasema, watu walimwambia anamtetea rafiki yake. Nakuandikia kama yalivyokuwa: "Usimwambie mtu. Hapa nyumbani nimewaambia shida ni yangu, na waendelee kusema ni yangu. Sitaki mtu amcheke Haron."

Ndiyo maana Mama amekuwa akimchemshia zile dawa chungu za majani, naye anakunywa. Ndiyo maana shangazi anapoimba maneno ya mafumbo kwenye arusi za watu, shemeji hainui kichwa. Amekunywa uchungu ule akijua hauhitaji, ili wewe uwe mwanamume mzima machoni pa boma hili. Na mimi nilikuwa nayo maneno yanayomwokoa, nikayafuta, nikakaa kimya mkipanga kufunga vitu vyake. Sina uso, Haron. Nikiinama kunawa naona aibu hata na maji.

Jumatatu nilijikaza nikaenda Nyacheki. Nilimkuta shambani na mama yake wakichuma chai, kikapu mgongoni. Nilimweleza yote hapo hapo kati ya mistari ya chai. Nilitaka anitukane, hata anipige kwa kikapu. Aliendelea kuchuma. Kisha akauliza kama Mzee anakula. Nikasema anakula kidogo. Akaniambia habari ya mashine nimweleze nimtakaye, lakini ile sehemu ya mwisho, wewe usiambiwe. Alisema ukiambiwa utarudi kwa ajili ya kumhurumia, naye hataki huruma, anataka urudi kwa sababu unamtaka.

Kwa hiyo ujue kwamba hata sasa ninamkosea. Nimechukua tena maneno yake na kuyapeleka asikotaka yaende. Nimelipima hili siku mbili nzima. Nimeona kwamba wewe ndiye mtu mmoja ambaye hapaswi kuamua Jumapili bila kuyajua. Akijua nimekuambia, acha anichukie, nitastahili.

Kesho, Thadeus akishapanda gari, nitaenda kwa shangazi Kemuma ili amfikishie Mzee kwamba mlango nilikosa kuuweka mimi, na kwamba msichana hakumwanika mtu. Kamati pia nitaiambia, na Natasha nitamwomba radhi mbele yao. Ya daktari sitayatamka kwa yeyote. Hayo ni ya nyumba yako, na mimi pia nina mahali pangu pa kusimama, pale kwenye mparachichi.

Mama anakusalimu sana, anasema usisahau kula mboga. Shangazi anakusalimu. Mchungaji anakukumbuka katika maombi. Ndama hana jina bado, tunakungoja wewe. Namba ya simu ya mama mkwe wako nimeiandika nyuma ya bahasha, kwa sababu shemeji bado hana simu. Jioni huwa karibu na jiko, atasikia ikiita.

Ukimaliza kusoma, karatasi hii fanya utakavyo. Sijapiga picha, sijaandika nyingine. Maneno yaliyomo ni ya wewe na mimi na Mungu, na safari hii ni kweli.

Ndimi mdogo wako aliyekukosea,

Duke.