Tofali la Sponji

Waterloo, Iowa
9 Novemba

Mdogo wangu Delbert,

Unisamehe kwa kimya cha tangu Pasaka. Sikukosa muda, nilikosa la kukuambia. Mahindi yamevunwa, na paa la ghala limebadilishwa.

Jumanne nilimpeleka ndugu yetu Orrin hospitali. Miaka arobaini na mmoja ya kuwafundisha vijana wa chuo mieleka, akiwaonyesha kila mwereka kwa mwili wake mwenyewe, imezila pingili za shingo. Mkono wa kushoto haushiki tena kijiko. Daktari Teske, aliyekuwa mwanafunzi wake, alituonyesha picha. Akipasuliwa, mkono huenda ukapona, au huenda asitembee tena. Asipopasuliwa, atapooza polepole.

Orrin akatoa mfukoni tofali la sponji, lile ambalo makocha hulirusha mkekani kupinga uamuzi ili video itazamwe upya. Akalirusha mezani.

"Rudia video, Teske. Wewe tangu zamani macho yako mabovu."

"Ndiyo maana ulinifokea miaka minne yote, Kocha."

Tulicheka. Daktari akazitazama picha upya, moja baada ya moja, kwa muda mrefu mno. Kisha akaliokota tofali, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Uamuzi ni ule ule, Kocha."

Tangu hapo Orrin ananiuliza, "Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Mimi niliyezoea kuwa na jibu, namkatia nyama tu. Amepewa hadi Ijumaa. Akishachagua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, lolote liwalo.

Dada yako,
Verna